Ni Nani Aongozaye Jicho Lako?

Mafundisho kwa wakatekumeni wa Masisi na Walikale



Bwana wetu Yezu Kristu, alipowafundisha watu mlimani, alilifananisha jicho na taa. Alitaka tujue ya kuwa mtu huenda katika mwanga au katika giza kwa kadiri jicho lake lilivyo. Basi leo tuitazame taa hiyo yenyewe: imeundwaje, na ni nani aiongozaye.

Katika jicho yamo mambo ya namna mbili. Yako yafanyikayo pasipo amri yako, na yako yafanyikayo kwa amri yako. Asiyejua kuyatenganisha atakosa mara mbili: atajihukumu mwenyewe, au kumhukumu jirani yake, mahali pasipo na hatia, tena atajiachilia mahali penye hatia kweli. Sikilizeni kwa makini.

I. Mlango ujifungao wenyewe

Ketini wawili wawili mchana, karibu na mlango wa nyumba. Mmoja afumbe macho, ayafunike kwa viganja, ahesabu pole pole hata thelathini. Kisha aondoe mikono na kuyafumbua akielekea penye mwanga. Lakini asilitazame jua lenyewe, maana jua huunguza jicho. Mwenzake asogee karibu, kwa kuwa macho yetu yana rangi ya giza na kitu hicho hakionekani kwa mbali. Ataona katikati ya jicho kitundu cheusi, ndicho mboni. Kilikuwa kipana, mara chajikaza na kuwa kidogo.

Gizani mboni ya kijana yaweza kupanuka hata milimita 8. Penye mwanga mkali hujikaza hata milimita 2 tu. Ndiyo kusema, mlango huo ukifungwa, mwanga uingiao hupungua hata kuwa sehemu moja tu katika kumi na sita. Sasa jaribuni kuiamuru mboni: semeni moyoni, «Panuka!» au «Jikaze!» Haitawasikia. Yeye aliyeumba jicho hakukuachia wewe ulinzi wa mlango huo, usije ukasahau ukaunguza nyumba.

Je, kazi hiyo hutendekaje? Ndani ya jicho, upande wa nyuma, upo utando mwembamba upokeao mwanga, jina lake retina. Kutoka hapo hutoka mshipa wa kuona, wenye nyuzi kama milioni moja, nyembamba kuliko nywele. Mshipa huo ni kama mjumbe apelekaye habari kwa mwami. Nyuzi nyingi huenda mbali, mpaka nyuma ya kichwa, na hapo ndipo mtu atambuapo, «Huyu ni mama yangu, ule ni mlima.» Lakini nyuzi nyingine hukata njia mapema na kuingia katika shina la ubongo. Hapo walinzi wa lango hawangoji mwami aamke. Mara moja hutuma neno kwa mshipa mwingine, ambao waganga huuita mshipa wa tatu wa kichwa, nao huikaza misuli midogo iizungukayo mboni. Hayo yote huanza kabla ya robo ya sekunde kwisha.

Tena ajabu nyingine. Mwuguzi akimulika jicho moja tu kwa tochi, mboni zote mbili hujikaza, hata ile isiyomulikwa. Kwa nini? Kwa sababu habari ya jicho moja hupelekwa pande zote mbili za shina la ubongo, na jibu hurudi kwa macho yote mawili. Jicho moja likipatwa, la pili hushiriki. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto jambo lilo hilo juu ya viungo vya mwili, na juu ya Eklezya yote: kiungo kimoja hakiumii peke yake.

Sasa mwafahamu kwa nini mwuguzi humulika macho ya mtu aliyeanguka kutoka pikipiki au lori akazimia. Mtu huyo hawezi kusema, lakini shina la ubongo laweza kujibu kwa niaba yake. Mboni zikijikaza sawasawa, ni dalili njema. Mboni moja ikiwa pana na kukataa mwanga, huenda damu inavuja ndani ya fuvu na kuubana mshipa wa tatu. Hapo msikae kuulizana ni nani aliyemroga. Mwekeni katika kipoyi, kichwa na shingo vitulie, mkampeleke hospitali upesi, hata kama ni usiku. Saa moja ya maneno ya uchawi yaweza kumwua mtu ambaye angepona.

II. Mjumbe akifa njiani

Masisi ni nchi ya milima, na Walikale ni nchi ya msitu na mito mikubwa, kama Lowa na Oso. Mahali maji yaendapo mbio, penye mawe na maporomoko, ndipo azaliapo inzi mdogo mweusi, mwenye mgongo uliopinda kama kibyongo. Huuma mchana. Akimwuma mtu mwenye ugonjwa, kisha akamwuma mwingine, humtia vijidudu vya ugonjwa ambao jirani zetu wa Tanzania huuita usubi, na wengine huuita upofu wa mtoni.

Minyoo mikubwa hukaa chini ya ngozi, katika vinundu, kwa miaka kumi na zaidi. Huzaa watoto wengi mno, wasioonekana kwa macho, nao hutembea katika ngozi. Mtu hujikuna usiku na mchana. Miguu yake, upande wa mbele, hupata mabaka meupe kama ngozi ya chui. Hatimaye watoto hao huingia katika jicho.

Hapo huharibu kwa njia nyingi. Pengine kioo cha mbele cha jicho huwa na ukungu. Pengine lile duara la rangi liizungukalo mboni huvimba na kugandamana na kitu kilicho nyuma yake. Mboni huvutwa, hupoteza umbo lake la mviringo, wala haijikazi tena. Mlinzi amefungwa mikono. Pengine tena mlango ni mzima, lakini retina na mshipa wa kuona vimekufa. Ukilimulika jicho hilo, mboni haisongi, kwa kuwa mjumbe amekufa njiani na hakuna habari ifikayo. Lakini likimulikwa jicho la pili lililo zima, mboni zote mbili hujikaza, na ile ya jicho pofu pia. Hivyo mwuguzi hujua kwamba mlinzi yuko kazini bado. Aliyekufa ni mjumbe.

Ugonjwa huu una historia katika nchi yetu. Mwaka 1932 daktari Mbelgiji Jean Hissette alitangaza habari za watu wengi aliowakuta wamepofuka kwa minyoo hiyo karibu na mto Sankuru. Wataalamu wengine hawakusadiki upesi. Miaka mingi ilipita pasipo dawa ambayo ingeweza kugawiwa kijiji kizima bila hatari kubwa. Kisha Satoshi Ōmura, Mjapani, alipata katika udongo wa nchi yake kiumbe kidogo sana, na William Campbell, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Marekani, alisaidia kukitolea dawa iitwayo ivermektini. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itaitoa bure, kwa jina la Mectizan, kwa ajili ya ugonjwa huu. Mwaka 2015 wataalamu hao wawili walipewa tuzo ya Nobel. Na katika mpango mkubwa wa Afrika uliodumu toka 1995 hata 2015, Masisi na Walikale ziliunganishwa kuwa eneo moja la kugawa dawa, na wagawaji walichaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Jueni vema kazi ya dawa hiyo. Huwaua watoto wa minyoo, lakini minyoo mikubwa hubaki hai na kuendelea kuzaa. Kwa hiyo humezwa kila mwaka, miaka mingi, hata na mtu asiyejisikia mgonjwa. Mgawaji hupima urefu wa mtu kwa fimbo, apate kujua idadi ya vidonge. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, mama aliyejifungua juma lile, na mgonjwa taabani, hawapewi. Nayo hairudishi macho yaliyokwisha kufa: hulinda yale yaliyobaki. Basi asemaye, «Nitameza nitakapoanza kutoona,» amechelewa.

Na mzee mwenye macho mekundu, yenye ukungu, au mboni iliyopinda, asiitwe mchawi. Huenda yeye ni mtu aliyeumwa na inzi akilima shamba karibu na mto, apate kuwalisha watoto wake. Wanafunzi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani. Bwana alikataa hesabu hiyo, akamponya. Nasi tuikatae. Pasipokuwa na uamuzi wa mtu, hapana hatia.

III. Wachukuzi wa kipoyi kimoja

Tumeona jambo lisilo la amri yako. Sasa tutazame mwendo wa jicho, maana hapa mapenzi yako huanza kuwa na sehemu yake.

Kila jicho huvutwa na misuli sita, kama hema livutwalo na kamba. Misuli hiyo huongozwa na mishipa ya fahamu mitatu: wa tatu, ambao tumekwisha kuutaja, wa nne na wa sita. Mshipa wa sita hulivuta jicho upande wa nje. Wa nne huhudumia msuli mmoja tu, usaidiao kutazama chini. Wa tatu huhudumia misuli minne iliyobaki, na kuinua kope pia. Macho mawili lazima yaende pamoja kama wachukuzi wa kipoyi kimoja. Mmoja akipotea hatua, mgonjwa huyumba. Na jicho moja la mtu mzima likilegea ghafula, huona vitu viwili mahali pa kimoja. Aonaye hivyo aende kwa mganga. Na mtoto mwenye makengeza asichekwe: apelekwe mapema akiwa mdogo, kabla ubongo haujazoea kulidharau jicho moja.

Chukueni kitabu cha katekisimu. Mkikitikisa upesi mbele ya macho, herufi zapotea. Mkikishika kitulie, na kutikisa kichwa kwa upesi ule ule, herufi zasomeka! Sababu ni hii: ndani ya kila sikio mna vijifereji vitatu vyenye maji. Kichwa kikigeuka kuume, maji hayo hutoa habari, na macho hugeuzwa kushoto kwa kadiri ile ile, katika muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana mama abebaye maji akipanda mlima huiona njia imetulia, ijapokuwa kichwa chake chatikisika kwa kila hatua. Mungu amempa utulivu ambao hakuuomba wala hakuujua.

Sasa jaribu la mwisho, nalo ndilo la maana kuliko yote. Tazameni mgongo wa mlima ulio mbele yenu, mwanzo wake hata mwisho wake. Jitahidini kuyaendesha macho pole pole, bila kuruka, kama mtu atelezaye mtumbwi. Mwenzako ayatazame macho yako. Ataona yanaruka: yasimama hapa, yaruka pale, yasimama tena. Hata ukijitahidi jasho likutoke, yataruka. Lakini mwenzako ainue kidole na kukipeleka pole pole mbele yako, nawe ukifuate: macho yako yatakwenda laini, pasipo kuruka.

Ndivyo ubongo wetu ulivyo. Jicho lisilo na kitu cha kufuata halijui kwenda kwa utulivu. Lipate mmoja wa kumfuata, nalo latulia.

IV. Mtazamo wa pili

Sasa tukusanye mafundisho.

Mboni hubadilika si kwa mwanga tu. Mtu akiogopa, akikasirika au akitamani, mshipa mwingine huipanua. Njia yake ni ndefu: yatoka katika ubongo, yashuka ndani ya uti wa mgongo hata kifuani, yapanda tena shingoni, ndipo ifike jichoni. Umekutana na nyoka njiani: mboni imepanuka, moyo wapiga, kabla hujasema neno. Umeona mbuzi mnono wa jirani, au fedha zilizoachwa mezani, au mke wa mtu: vivyo hivyo mwili hustuka kabla ya fikira.

Wakatekumeni wengine huja kwa katekista wakihuzunika: «Nimekusudia kubatizwa, na tamaa imenijia tena. Basi sistahili.» Ndugu mpenzi, usikate tamaa. Kustuka huko kwa kwanza ni kama mboni. Hukukuamuru, na Mungu hatakudai neno usilolikubali. Eklezya hufundisha kwamba kishawishi si dhambi. Dhambi huanza pale mtu ajuapo kwamba jambo ni baya, na kulikubali.

Lakini usijidanganye. Mboni si yako kuiamuru; mtazamo ni wako. Mfalme Daudi alikuwa akitembea darini jioni, akamwona mwanamke akioga. Kuona huko kwa kwanza kulimjia tu. Angaliweza kugeuza macho. Misuli sita ya kila jicho ilikuwa tayari kumtii. Yeye aliendelea kutazama, akauliza habari zake, akatuma watu kumleta. Mwisho wake ulikuwa uzinzi, na damu ya Uria asiye na kosa. Shimo lote lile lilianza kwa mtazamo wa pili.

Nawe sokoni, njiani, mtoni, nyumbani kwa rafiki yako, utapewa muda mfupi kati ya mtazamo wa kwanza na wa pili. Muda huo ni mdogo, lakini ndani yake mtu ni huru. Hapo ndipo mkatekumeni apiganapo.

Je, utashinda kwa kukaza macho tu, ukisema, «Sitatazama, sitatazama»? Kumbukeni mgongo wa mlima. Jicho lisilo na wa kumfuata litaruka, hata likijitahidi. Petro alikwenda juu ya maji muda ule aliomtazama Bwana. Alipoitazama dhoruba, alianza kuzama. Naye Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alipofumbuliwa macho hakurudi kuketi mahali pake pa kuombea. Macho yake mapya yalimpata Yezu, akamfuata katika njia iendayo Yeruzalemu, ndiyo njia ya msalaba. Basi usiulize tu, «Nisitazame nini?» Uliza kwanza, «Nimfuate nani?»

Azimio la juma hili

Kila asubuhi, ufumbuapo macho na mboni zako zijikazapo pasipo wewe kujua, sema: «Ee Mungu, waniangalia kabla sijakukumbuka. Nakutolea mtazamo wangu wa leo.» Tena, kama katika kijiji chako yuko kipofu aongozwaye kwa fimbo na mtoto aliyeacha shule kwa kazi hiyo, pataneni kijijini mpeane zamu za kumwongoza, mtoto apate kurudi shuleni.

Maswali ya kujibu pamoja

Je, mboni hujikaza kwa amri ya mtu?
Hapana. Hujikaza yenyewe kwa kazi ya mishipa ya fahamu na shina la ubongo, kama Mungu alivyoiumba.

Kwa nini jicho moja likimulikwa, mboni zote mbili hujikaza?
Kwa sababu habari ya jicho moja hufika pande zote mbili za shina la ubongo, na jibu hurudi kwa macho yote mawili.

Mtu mwenye mboni iliyopinda au macho mekundu, je, ni mchawi?
Hapana. Ni mgonjwa; apelekwe kwa mwuguzi, apendwe, aongozwe.

Kwa nini tumeze dawa ya usubi kila mwaka, ijapokuwa hatujisikii wagonjwa?
Kwa sababu minyoo mikubwa huendelea kuzaa, na dawa hulinda macho mazima, haiyafufui yaliyokufa.

Kishawishi kikinijia, nimekwisha kutenda dhambi?
Hapana, kama hukukikubali. Geuza macho, umtazame Yezu Kristu, umfuate.